Aliyezikwa Anangoja Kwenye Benchi

Pap Onditi
3 Juni 2024

Dada Caren,

Salamu nyingi kutoka ofisini kwako. Naandika "kwako" kwa sababu bado sijaweza kusema "kwangu". Mimi ni Hadiya Mbarak, yule msichana wa Kaloleni uliyemkabidhi funguo mwezi wa Machi, siku ile ya mvua. Huenda hunikumbuki. Nilisimama karibu na kabati na sikusema mengi.

Namba yako ninayo, mkuu wetu Bwana Mathews alinipa. Nimeshindwa kupiga. Kwenye simu sauti yangu hujifanya jasiri, na nikikata naona nimesema kila kitu kiko sawa. Kwenye karatasi siwezi kujificha haraka hivyo. Bahasha hii nampa Cliff, dereva wetu, ambaye kila wiki huja huko Bondo ulikohamishiwa.

Kazi unaijua: tunasajili vizazi na vifo. Vizazi sina shida navyo. Wiki iliyopita alikuja mwanamume mmoja amevaa koti zito katika jua lile, akaketi kwenye benchi la nje. Benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri. Nikainamia kazi yangu. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameketi peke yake. Wale wengine wote walikuwa wamehamia ng'ambo ya ua, juani, wakijifanya wanatazama simu. Apiyo wa chai alimletea kikombe, lakini hakumpa mkononi. Alikiweka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo yule mtu akainama kukichukua.

Nikamwita ndani.

"Nataka kufuta kifo," akasema.

"Kifo cha nani?"

"Changu."

Anasema yeye ni Absalom Odero, mtoto wa Mama Milka, kwao ni kule chini karibu na ziwa. Mwaka 2017 alikuwa akivua omena kutoka Dunga. Mashua ikapinduka. Mwenzake aliokolewa, yeye hakuonekana. Kwa maelezo yake, aliokotwa na watu wa ng'ambo, akabaki visiwani upande wa Uganda bila karatasi yoyote, akifanya kazi kwenye majiko ya kukausha samaki. Mwaka wa pili alikutana na mtu wa huku aliyemwambia kwamba ameshazikwa.

"Nikaogopa kurudi," aliniambia. "Mtu akishaliliwa, anarudi kufanya nini?"

Nilimpeleka chumba cha pili kwa watu wa vitambulisho wampime alama za vidole. Moto na chumvi vimelainisha ncha za vidole vyake, ni laini kama sabuni. Mashine ilijaribu na kukataa, ikajaribu tena na kukataa. Mzee wa pale akafuta kioo kwa kitambaa, halafu akafuta na mikono yake mwenyewe, kwa muda mrefu.

Walipoenda kula nilirudi mle peke yangu nikaweka kidole changu. Usinicheke, dada. Mashine ilinikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ikanikubali, jina langu likatokea. Najua ni jasho tu. Lakini nilikaa pale nikijiuliza ile mara ya kwanza iliona nini.

Bwana Mathews amesema, "Wewe ndiye umesoma, Hadiya. Sikiliza pande zote, uandike maoni, mimi nitayapeleka juu." Kwa hiyo ni mimi nitakayesema kama mtu huyu yuko hai. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Wako mwenye heshima,
Hadiya Mbarak


Bondo
7 Juni 2024

Nyamera, dada yangu Hadiya,

Wacha hiyo "wako mwenye heshima", mimi si mkuu wa wilaya. Nakukumbuka sana. Ulishika zile funguo kama mtu aliyepewa nyoka.

Nyinyi watu wa huku Kaloleni mnaongea Dholuo mpaka tunasahau nyumba zenu zilianzia Pwani. Lakini naona hukuambiwa habari ya yago. Basi sikiliza. Ziwa likimeza mtu na likakataa kumtoa, hatuachi kaburi tupu. Tunachukua yago, lile tunda refu la mwegea linaloning'inia kama soseji kubwa. Tunalifunika kwa shati la marehemu, tunalililia, tunalizika mahali ambapo yeye angezikwa. Kuanzia siku hiyo lile tunda ndilo yeye. Sasa kama huyo Absalom amerudi kwa miguu yake, pana wawili, na mmoja yuko chini tayari.

Hawezi kuingia langoni kwao mpaka aliye chini atolewe. Na hakuna mzee atakayeshika jembe kabla serikali haijasema kwamba huyu ndiye. Na serikali, nyamera, ni wewe.

Damu yake ingepimwa Nairobi pamoja na ya mama, lakini najua mama atakataa. Nani atatoa damu yake kwa kitu ambacho huenda ni jachien? Mzimu ukipewa damu, nani atautoa nyumbani tena?

Waite jamaa zake, wamuulize maswali mbele yako. Na kama unaogopa mizimu, washa redio. Mizimu haipendi matangazo ya biashara. Hata mimi siyapendi.

Caren


Pap Onditi
17 Juni 2024

Dada Caren,

Asante. Redio niliwasha, lakini hukunielewa, na kosa ni langu. Siogopi mzimu. Naogopa siku ambayo mtu ataingia hapa, mtu mpole tu mwenye faili mkononi, aseme: "Binti, samahani, kulikuwa na makosa. Kazi hii ilikuwa ya mwingine." Nimeingoja siku hiyo tangu Machi. Kila mlango unapogonga najiandaa kuinuka. Sasa mtu kama mimi ataanzaje kumwambia mwenzake kwamba yeye ni halisi?

Jamaa zake walikuja. Waliketi varandani, yeye tukamwachia benchi lake. Ndugu yake mdogo, Frankline, ndiye aliyeuliza.

"Jiko la mama liko wapi?"

"Kushoto, chini ya mwarobaini. Ni la nyasi."

Wakacheka.

"Mke wangu anaitwa nani?"

Alimtazama Frankline muda mrefu. "Wewe huna mke."

Hapo walicheka mpaka Apiyo wa chai akaja kuona kuna nini, kwa sababu mke wa Frankline alikuwa amesimama palepale na mimba yake. Akasema kwa sauti, "Yaye! Kumbe mimi ndiye mzimu!"

"Na ng'ombe wa mama?"

"Yule mwekundu," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Mwenye pembe moja."

"Hatuna ng'ombe! Bwana, hata mwizi angeuliza majirani kwanza!"

Aliendelea kukosea. Kila alipokosea alinitazama mimi, kama mtoto wa shule anayemtazama mwalimu, na mimi nikatazama meza. Nilitaja kovu lililo shingoni mwake, ambalo anasema analo tangu utoto. Frankline akasema kovu lolote mtu anaweza kujichanja.

Mama Milka alikuwa amempa mgongo wakati wote, kanga imemfunika masikio. Nilimwomba amtazame mara moja tu. Alikataa, akazungumza na mimi kwa upole, kama na mtoto wake.

"Mwanangu alinijia usingizini, nyathina. Miaka miwili baada ya kumzika. Alisimama mlangoni amelowa, ana kovu hilohilo. Akasema, 'Mama, nina baridi, nipe jina.' Wiki hiyo mke wa Frankline akajifungua. Mtoto alilia kutwa, tukamtajia majina ya wafu wote wa nyumba, hakunyamaza. Tulipotaja Absalom, akanyamaza. Sasa niambie wewe uliyesoma. Mtu aliye hai anakuja kuomba jina?"

Niliyaandika maneno yake. Wakati huo mtoto mwenyewe alikuwa akicheza karibu na bomba la maji. Mama yake akaona anajilowesha, akaita: "Absalom!"

Waliitika wote wawili kwa wakati mmoja. Halafu wakatazamana. Mtoto hakulia. Alimtazama yule mtu kwenye benchi kama tunavyotazama mtu aliyevaa nguo yetu.

Jumamosi nikienda nyumbani nilipitia Dunga kumtafuta aliyeokolewa siku ile. Anaitwa Okello. Alikuwa anasafisha nyavu pamoja na wenzake wakitaniana, lakini nilipotaja jina alinivuta pembeni.

"Nilimshika mkono," akasema. "Nikauachia. Alizama nikimwona. Kama ni yeye, dada, sitaki kumwona. Na kama si yeye, pia sitaki."

Kuna jambo jingine ambalo sikukuambia. Watu wengi hapa bado wananiita Caren. Wanaingia wakisema, "Caren, habari ya watoto?" Na mimi naitika. Siku za kwanza niliona aibu kuwasahihisha. Sasa nimeona kwamba nikiitika kwa jina lako, kazi inaenda vizuri. Ijumaa nilijikuta nataka kutia sahihi yako.

Hadiya


Bondo
20 Juni 2024

Hadiya,

Hii barua nimeisoma nimesimama. Hakuna utani leo.

Usiitike jina langu tena. Nasema hivyo nikikupenda. Mtu anayeitika jina la mwingine kila siku, siku moja ataitwa lake na asigeuke. Na kwa taarifa yako, huyo Caren unayejificha ndani yake simjui. Hapa Bondo naitwa "yule wa kutoka Nyakach", huko uliko wewe. Nimeketi mezani tangu Machi na bado nauliza vijana kitufe cha kuchapisha kiko wapi, halafu nasahau, halafu naona haya kuuliza tena. Jana nilijifanya naongea na simu ili mkubwa asinisimamishe. Simu ilikuwa imezimwa.

Kuhusu ndoto ya mama, siwezi kukusaidia. Ni kweli kwetu jina huombwa hivyo. Mimi mwenyewe niliombwa na nyanya ambaye sikuwahi kumwona. Kama Absalom hakufa, basi kuna mtu alisimama kwenye mlango ule na sijui ni nani. Niliandika sentensi hiyo kisha nikaenda kufunga dirisha.

Lakini angalia jambo moja. Umemwona mtu anaogopa na kukosea, na moyo wako umesema huyu ni kama mimi. Woga wake si ushahidi kwamba anasema kweli. Na woga wako si ushahidi kwamba wewe ni wa uongo. Weka woga wote nje ya mlango, uangalie kilichobaki.

Caren


Ufuoni
24 Juni 2024

Kwa karani wa usajili,

Nimeomba kalamu kwa mama mmoja wa hapa ufuoni ninapolala, kwenye kibanda cha nyavu. Naandika kuomba ile kesi yangu iachwe.

Wewe ulinisikiliza vizuri. Hukucheka. Lakini baada ya siku ile nimefikiri, labda wao ndio wanajua. Wako wengi na mimi ni mmoja. Nilipokuwa ng'ambo nilikuwa na uhakika wa nyumbani kama mtu anavyojua kinywa chake. Nimefika hapa, kila ninachosema ni kosa.

Jana nilisimama barabarani nikaona kaburi kwa mbali. Limefagiliwa. Mtu analifagia kila asubuhi, naona mistari ya ufagio. Nikajiuliza, mimi nani aliwahi kunifagilia? Aliye pale ametunzwa vizuri kuliko mimi. Huenda ndiye mwenyewe. Huenda mimi ni kitu tu kilichotoka majini kikiwa na kumbukumbu za mtu.

Kuna mashua inaondoka Ijumaa asubuhi kurudi ng'ambo. Kule hakuna anayeniuliza mimi ni nani. Nitapanda.

Asante kwa kuniita ndani siku ile.

Ninayesema kuwa Absalom Odero


Pap Onditi
27 Juni 2024

Dada Caren,

Leo ni Alhamisi, na Cliff anangoja nje na gari, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Absalom aliniandikia kwamba anaondoka kesho. Nilisoma barua yake jana asubuhi, nikamwambia Bwana Mathews naenda kuona ile nyumba. Sikuwahi kufika huko. Nilikuwa na maelezo ya Absalom tu, yale aliyonipa siku ya kwanza nilipoandika anwani: fuata njia ya punda, ukifika kwenye kanisa la mabati geuka kulia, kuna mti mkubwa wa mkuyu langoni, ukiingia unaona jiko la nyasi kushoto.

Sikuona njia ya punda. Pana ua wa miti ya mikalitusi na shamba la mtu. Kanisa la mabati halikuwepo, kuna la matofali upande wa pili. Langoni hapakuwa na mkuyu. Nilizunguka nikirudi palepale, jua kali, hakuna mtu njiani. Nikaanza kuhisi natembea ndani ya nyumba iliyoondolewa, kwamba kila ninapokanyaga palikuwa na kitu na mimi nakikanyaga. Nilitaka kukimbia. Nilijiambia kwamba Caren asingepotea.

Mama Milka ndiye aliyenikuta, anatoka kuchota maji.

"Unatafuta nini kwenye mahindi ya watu, nyathina?"

"Nyumbani kwako, Mama. Nimeambiwa nipite njia ya punda."

Alitua ndoo. "Nani amekuambia njia ya punda?"

"Na kanisa la mabati. Na mkuyu langoni."

"Mkuyu tuliukata tupate mbao za nyumba ya Frankline alipooa." Alikuwa anaongea polepole. "Kanisa liling'olewa na upepo. Njia waliifunga mwaka wa korona. Hapo unaposimama, ndipo punda walipopita."

"Na jiko la nyasi, chini ya mwarobaini?"

"Liliungua. Baada ya mazishi."

"Na ng'ombe mwekundu, mwenye pembe moja?"

Aliketi chini, palepale njiani, na kanga yake ikaingia kwenye vumbi.

"Tulimchinja," akasema. "Tulimchinja siku ya mazishi yake. Watu wakala."

Hapo ndipo nilipoona, dada. Makosa yake yote yana umri mmoja. Yote ni mambo yaliyokuwa kweli mpaka 2017. Anakosea kama mtu aliyeondoka siku ile asubuhi. Frankline mwenyewe alilisema, na mimi nikaliandika nisilione: mwizi angeuliza majirani kwanza. Mwizi angejua jina la mke. Mwizi angejua kwamba hakuna ng'ombe. Huyu mtu hakuuliza mtu yeyote, kwa sababu hakudhani nyumbani ni kitu cha kuulizia.

Nimejipinga kila namna. Huenda Absalom wa kweli alifika ng'ambo kweli, akamsimulia mwenzake jikoni, kisha akafa huko. Inawezekana. Sina namna ya kuliondoa hilo kabisa. Nimekaa nalo kutwa nzima.

Mezani nina bahasha mbili. Moja ni barua ya kuacha kazi, niliandika wiki iliyopita, ni nzuri, haina kosa. Nyingine ni maoni yangu, mistari michache: kwamba mtu aliyekuja mbele yangu, kwa maoni yangu, ndiye Absalom Odero, na yuko hai. Sababu nimezitaja. Woga unaonekana wazi kwenye sahihi, herufi ya mwisho imeenda upande. Nilitaka kuiandika upya. Nimeiacha hivyo.

Nimempa Apiyo wa chai ujumbe aupeleke ufuoni kabla ya kesho. Nilimwambia ampe mkononi. Alinitazama kwanza. Halafu akavua aproni, akaenda.

Bwana Mathews ametoka. Akirudi nitampa bahasha moja. Cliff anapiga honi.

Hadiya


Bondo
1 Julai 2024

Hadiya,

Cliff hakungoja hata nimalize kusoma. Huyu kijana atakufa na haraka yake.

Umeona ambacho mimi nisingeona. Siandiki hivyo kukupa moyo. Ningewasikiliza wanacheka, na mimi ningecheka nao, kwa sababu mtu akicheka hakuna anayemwuliza anafikiri nini. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote pale.

Niambie ulimpa bahasha gani.

Caren


Kwa Mama Milka
15 Julai 2024

Dada Hadiya,

Naandika kutoka nyumbani. Nimeandika neno hilo nikalitazama.

Ujumbe wako ulinikuta nimeshaweka mguu mmoja kwenye mashua. Apiyo alinitafuta ufuoni hadi alfajiri, akanishika mkono mbele ya watu wote. Sikuwa nimeshikwa mkono tangu nifike. Nilishuka.

Bwana Mathews alipowasomea wazee maoni yako, walichukua jembe siku ya tatu. Mimi nilisimama nje ya lango, sikuruhusiwa kusogea. Walichimba kimya. Tunda lilikuwa limeoza, zimebaki nyuzi, na shati langu la bluu limekwama ndani yake. Mzee mmoja akanitolea lile fungu mpaka langoni, akasema niliage kabla halijachomwa. Wengine walitarajia nitalitemea mate. Mimi nililishukuru. Lilikaa mahali pangu miaka saba, likalala peke yake, likafagiliwa, halikulalamika. Sijui nani mwingine angenifanyia hivyo.

Halafu mama akaja. Hakunisalimu. Aliniwekea kiganja shingoni, juu ya kovu, akakiacha hapo kwa muda. Akasema, "Una joto." Akaanza kulia. Aliyemjia alikuwa baridi, anasema. Hata kutoka mlangoni aliisikia baridi yake.

Sasa nalala kwenye kibanda kipya. Frankline haongei na mimi. Ameandika malalamiko, unajua. Mtoto tumezoeana, tukiitwa mmoja hungoja mwenzake aitike kwanza. Ila mama ameanza kuniuliza jambo. Huniuliza tukila, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kama hukufa, ni nani aliyekuja kuniomba jina lako?" Namwambia sijui. Jana alisema amemsikia tena mlangoni, hajasema kitu, anasimama tu. Sasa mama anaogopa kwamba alimpa mtoto jina ambalo lilikuwa limeombwa na mtu mwingine, na huyo mtu amebaki bila jina.

Na mimi, dada, nikiamka, hunichukua muda. Natazama miguu. Miguu ni yangu. Mengine nangoja yarudi. Kwa hiyo nataka kukuuliza, bila mhuri, bila ofisi. Ulipoandika kwamba ni mimi, mama hakuwa amenigusa bado. Ulikuwa na hakika? Kwa sababu mimi sikuwa nayo. Nilikusoma wewe ndipo nikashuka.

Absalom Odero


Pap Onditi
19 Julai 2024

Ndugu Absalom,

Hapana. Sikuwa na hakika.

Nilikuwa na sababu, na sababu zilikuwa nzuri, na bado niliogopa mpaka herufi ikaenda upande. Hata leo, mama yako akiwa amekugusa, nikikumbuka siku ile naona kama aliyeandika ni mtu mwingine aliyepita hapa akakalia kiti changu.

Malalamiko ya Frankline yamefika. Anauliza binti wa Kaloleni ni nani hata amwambie ndugu yake ni yupi. Ni swali zuri, nami nimejiuliza hilohilo tangu Machi. Bwana Mathews aliniita jana, akafunga mlango. Alisema kwa wema, "Juu wanataka jina la aliyeamua. Tuseme ni ofisi. Au tuseme faili lilianzishwa wakati wa Caren, hakuna atakayeuliza." Alikuwa amenifungulia njia ya kutokea na ilikuwa pana. Niliitazama.

Nikamwambia, "Andika Hadiya Mbarak."

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia hapana, ila ndiye aliyeamua.

Wanaweza kuniondoa. Wakiniondoa, wataondoa mtu aliyekuwa hapa.

Kuhusu yule anayesimama mlangoni kwa mama yako, sina elimu ya kumjibu, na kusoma barua yako kulinisimamisha nywele mchana kweupe. Nimewaza siku mbili. Huyo mtu alipoteza maisha mahali fulani, hakuna aliyemzikia hata tunda, na alipokuja kuomba jina alipewa la mtu mwingine. Labda aliomba lake na hakusikika.

Mwambie Mama asimfukuze. Akija tena, amwulize yeye ni nani, na amngoje ajibu, hata akichelewa, hata akikosea. Akishindwa, mwambieni aje hapa. Benchi lipo. Tunafungua saa mbili asubuhi, na mimi ndiye karani.

Hadiya Mbarak